Jina la bibi lilivyonusurika kwenda na watu

Simu iliita saa tatu na nusu usiku, ndo kwanza nimezima jiko, mikono yote mafuta, nikaiacha mpaka ikakata. Ikaita tena. Mama mmoja wa Tabora, sauti ya mtu mzima kabisa, nikamwamkia, akaitika marahaba mwanangu, alafu kwa upole tu akaniuliza mzigo wangu mbona leo siku ya sita haujafika, kila nikimtuma mjukuu stendi anaambiwa hamna kitu. Nikamwomba jina nikaangalia daftari la oda, hayumo. Nikaangalia na la mwezi uliopita, hayumo. Nikamwambia mama hebu mwambie mjukuu apige skrinshoti ya muamala anitumie, ikaja, shilingi elfu sitini zimeenda kwa namba nisiyoijua, jina la mwanaume, wala sio lipa namba yangu. Namba yangu mimi aliipata kwenye chupa ya jirani yake baada ya wale aliowalipa kuacha kupokea simu.

Ndo nikajua kuna peji nyingine inauza mafuta yangu.

Jina la bidhaa silitaji hapa kwa sababu kuna mambo bado hayajaisha, nitawaambia mbele. Ila ni jina la utani la bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pemba, aliyetufundisha kuchemsha mafuta ya nazi na karafuu kwa ajili ya nywele tangu tukiwa watoto. Nilianza kuuza mwaka 2019 hapa Dar, chupa za kununua Kariakoo, lebo za kuprint mtaani, wateja ni ndugu na marafiki wa ndugu. Baadae mtandao ule wa picha ukanibeba, nikaacha kibarua nikawa nafanya hii tu. Kwa hiyo mtu akichezea lile jina anachezea ada ya wanangu na kodi ya nyumba, na anamchezea bibi kaburini, nasema hivi nikimaanisha.

Usiku ule ule nikaitafuta hiyo peji, siioni. Mume wangu akaitafuta kwenye simu yake, hii hapa. Kumbe walikuwa wameniblock mapema, ndo mchezo wao huo, wanamfungia mwenye mali ili asiione alafu wanabaki na wateja kwa raha zao. Jina lilikuwa lile lile langu herufi kwa herufi, wameongeza tu kistari cha chini mwishoni, kwenye simu ndogo hata hukioni. Picha zote zangu. Video ya binti yangu akisukwa nywele ipo. Picha ya bibi na ungo wa karafuu ambayo niliipiga mwenyewe uwani kwake ipo, na chini wameandika OFA OFA chupa 3 elfu sitini tu, wakati mimi chupa moja ni elfu 28. Nilikaa kwenye kochi nalia, sio kwa hela, ile picha ya bibi ndo ilinimaliza.

Nikafanya kile ambacho kila mtu anafanya, nikaomba ndugu na wateja wairipoti ile peji. Watu wakaripoti kweli, zaidi ya mia walinijibu tumeripoti dada. Baada ya siku mbili majibu yakaja kwamba peji haijavunja masharti. Nikaripoti tena kwa kusema wananiigiza, nikatuma kitambulisho cha NIDA, jibu lile lile, maana akaunti ilikuwa ya bidhaa sio ya mtu, na sura yangu mimi haikuwemo mule. Kuna kaka mmoja anauza viatu mtandaoni akaniambia dada unapoteza muda, kuna fomu nyingine kabisa ya haki miliki, ijaze hiyo. Nikaifungua, inauliza maswali machache tu, la kwanza namba ya usajili wa alama yako ya biashara ni ngapi na imesajiliwa nchi gani. Nikasema hii si ndo BRELA, wale wakala wa serikali wa kusajili biashara, ninacho cheti, nikapiga picha cheti changu nikaambatanisha. Wakakataa. Wakasema hiki sio cheti cha alama.

Hapa ndo nataka mnisikilize vizuri ndugu zangu mnaouza mtandaoni maana mimi miaka mitatu nzima nilikuwa nimelala usingizi mnono nikijua nimejisajili. Cheti nilichokuwa nacho ni cha JINA LA BIASHARA. Kile kinasema tu kwamba wewe fulani unafanya biashara kwa kutumia jina hili, unafungulia akaunti benki, unaombea leseni, basi. Hakikupi nguvu ya kumzuia mtu asiuze mafuta yenye jina lako. Nguvu hiyo inatoka kwenye ALAMA YA BIASHARA, ni usajili mwingine, sheria nyingine ya mwaka 1986, japo vyote viwili unaviombea BRELA kwenye mfumo ule ule wa mtandaoni wa ORS. Na alama inasajiliwa kwa daraja la bidhaa, yapo madaraja 45, kuanzia la 1 mpaka la 34 ni bidhaa, yanayobaki ni huduma. Mafuta ya nywele, sabuni na vipodozi ni daraja la 3. Viungo vya chakula na chai ni la 30, nguo ni la 25. Ukitaka madaraja mawili unajaza maombi mawili na unalipa ada mara mbili.

Suala la daraja na la nchi linachanganya watu wengi. Mnakumbuka ile kelele ya mwaka 2018 kuhusu Disney, kampuni ya filamu ya Marekani, na hakuna matata, watu walikasirika sana na mimi nilisaini ile petisheni. Disney waliomba kusajili maneno hayo kama alama mwaka 1994 na wakasajiliwa 2003, lakini ni kwa ajili ya fulana, na ni Marekani. Hakuna aliyekuja kukukataza wewe kusema hakuna matata pale Posta. Roho iliniuma na bado inaniuma kuona maneno yetu yanasajiliwa na watu wa mbali, ila nilikuja kuelewa kwamba ile nguvu ya alama ina mipaka, inaishia kwenye bidhaa uliyoitaja na nchi uliyosajili. Hiyo mipaka ilikuja kunigonga mimi mwenyewe baadae.

Basi nikaenda kuomba usajili. Kabla ya kuomba unafanya upekuzi uone kama jina lipo au kuna linalofanana nalo. Na lilikuwepo. Jina la bibi yangu, daraja la 3, limeombwa na mtu ninayemjua, alikuwa wakala wangu Kariakoo kwa karibu miaka miwili, nilimpa mzigo kwa mkopo mpaka alipoanza kusumbua malipo tukaachana. Alikuja mpaka msibani kwa bibi yule. Nilisoma lile jina lake pale kwenye skrini mara tatu nne nikidhani nimekosea.

Maombi yake yalikuwa yameshapita ukaguzi na yametangazwa kwenye jarida la alama, na sheria inasema kuanzia siku ya kutangazwa kuna siku 60 za mtu yeyote kuweka pingamizi. Zilikuwa zimebaki siku 19. Kama yule mama wa Tabora asingenipigia usiku ule mimi nisingejua chochote, zile siku zingepita nimekaa jikoni nachuja mafuta, na ningeamka siku moja naambiwa mimi ndo nauza feki.

Nikatafuta wakili. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni una ushahidi gani kwamba ulianza kutumia hili jina kabla yake. Nikasema kila mtu anajua. Akanijibu dada kila mtu hawezi kuja kusaini, leta karatasi. Tukaanza kufukua. Posti yangu ya kwanza ya 2019 na tarehe yake. Risiti za chupa, zingine zimefifia wino hazisomeki, nyie msizitupe risiti na muwe mnazipiga picha mapema kabla hazijafutika. Fomu na barua za TBS, shirika la viwango, maana usimamizi wa vipodozi ulihamia kwao kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, mwaka huo huo wa 2019 na mimi nilishawapelekea sampuli kwa jina lile. Alafu kilichomaliza mchezo ni meseji za WhatsApp za yule wakala mwenyewe, akiniandikia "dada nitumie katoni mbili za" na jina la bibi, miaka miwili kabla hajaenda kuliomba. Kwa mkono wake. Nilikuwa na tabia ya kufuta chati za zamani simu ikijaa, zile zilipona kwa sababu tu nilimdai na nikawa naogopa kupoteza ushahidi wa deni.

Wakili akanipa moyo kwa kunikumbusha habari ya kikoi, kwamba kuna kampuni ya Uingereza iliwahi kuomba kusajili neno kikoy kule kwao, Wakenya wakasimama wakaweka pingamizi, na ile kampuni ikaishia kuachia. Akasema pingamizi ndo mlango wenyewe huo, wengi wanashindwa kwa kuwa hawasomi jarida wakajua limetangazwa.

Sasa kwenye kufukua ushahidi tukagusa na website. Mimi nilikuwa na website ya dot com, niliyotengenezewa na fundi mmoja mwaka 2020, nikamlipa vizuri tu. Wakili akaangalia domeini, yaani ile anwani ya website, imesajiliwa kwa nani, sio mimi. Fundi aliisajili kwa jina lake, imeili yake, kadi yake, mimi nilikuwa mpangaji kwenye jina la bibi yangu. Nilipompigia anihamishie akasema milioni moja na laki mbili, si biashara yako imekua dada. Upo utaratibu wa kudai domeini kwa wale wenye haki ya alama, unaitwa UDRP, unaupeleka kwa mfano WIPO, shirika la dunia la haki miliki kule Geneva, lakini ada yake inaanzia dola 1,500 kwa kesi ya jaji mmoja, na lazima uonyeshe una haki kwenye lile jina, na mimi haki yangu ndo kwanza naigombania. Tukabishana wiki mbili akachukua laki tatu. Iliniuma lakini nililipa, alafu nikachukua na ya co.tz kwa jina langu mwenyewe, imeili yangu mwenyewe, na nimeweka ijirenew yenyewe. Kama fundi wako alikutengenezea website muulize leo hii domeini iko kwa jina la nani, na usiishie kukubali kwa mdomo.

Nirudi kwenye pingamizi. Tuliliweka zikiwa zimebaki siku saba. Ukishaweka, yule mwombaji anapewa muda wa kujibu kwa maandishi, asipojibu anahesabika ameyaacha maombi yake. Hakujibu. Nilitegemea vita, nilishaanza kuweka akiba ya mahakamani, mwenzangu alikaa kimya mpaka muda ukaisha. Labda alipoona zile meseji zake mwenyewe. Nikaweka maombi yangu, daraja la 3, nikangoja miezi, na mimi nikatangazwa kwenye jarida, nikahesabu siku 60 moja moja kama mtoto anasubiri sikukuu, cheti kikatoka 2023. Usajili wa kwanza kwa Tanzania Bara ni miaka 7 kuanzia tarehe uliyoomba, baada ya hapo unahuisha kila miaka 10. Tarehe yangu ya kuhuisha nimeiandika kwenye kalenda ya simu, ya mume wangu na ya mdogo wangu.

Siku niliyopata namba ya usajili sikwenda hata kusherehekea, nilikaa kwenye daladala nikaijaza ile fomu. Wakati huo peji feki zilishakuwa tatu, maana ile ya kwanza ikichoka wanafungua nyingine. Nikaweka namba, nchi, daraja, linki za peji zote tatu. Siku ya tatu zote hazipo. Ile ile fomu iliyonikataa mwanzo.

Ila kabla ya kuripoti nilikuwa nimepiga skrinshoti kila kitu, jina la peji, linki, tarehe, posti za ofa, namba za simu walizoweka, na chati za wateja waliotapeliwa. Hili nilijifunza kwa maumivu, maana peji ikishaondolewa na ushahidi unaondoka nayo, na polisi hawawezi kufungua jalada la kitu ambacho hakionekani. Nilikuwa na wateja kumi na mmoja waliotuma hela, wanne ndo walikubali kuja kuchukua RB, wengine waliona aibu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayo makosa haya, kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta na kuchukua hela kwa udanganyifu. Ile laini iliyopokea elfu sitini ya mama wa Tabora ilikutwa imesajiliwa kwa kijana ambaye hata hajui kama anayo hiyo laini. Ndo maana saivi namwambia kila mtu piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na meseji ya utapeli itume kwenda 15040. Waliokula zile hela mpaka leo hawajapatikana.

Na nilipodhani tumemaliza, likaja la Njombe.

Mteja wangu wa Njombe, dada wa saluni, ana kawaida ya kunilalamikia kila msimu wa baridi kwamba mafuta yameganda. Nazi ndo ilivyo, ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi inaanza kuganda na kuwa nyeupe, na Njombe mwezi wa saba unaijua. Safari hii akanipigia kunishukuru, akasema dada safari hii umeyaboresha hayajaganda kabisa. Nikahisi mwili unakufa ganzi. Mimi sijabadilisha kitu na yeye sijamtumia mzigo miezi miwili. Kumbe alinunua Kariakoo alipokuja Dar kwenye harusi. Nikamwomba anitumie chupa moja kwa basi.

Nikaiweka mezani pembeni ya yangu. Chupa ile ile maana wote tunanunua duka moja. Lebo ya kwao rangi imepauka kidogo na neno karafuu limeandikwa karafu, herufi moja imeanguka. Namba ya toleo ni ya chupa niliyouza mwaka mmoja nyuma, wamekopi tu hivyo hivyo. Nikazitia zote mbili kwenye friji jioni. Asubuhi yangu imeganda nyeupe kama mshumaa, ya kwao inachezacheza kama maji. Harufu ilikuwa marashi makali ya kukata pua, karafuu hamna. Sijui waliweka nini na ndo kilichonitisha zaidi kuliko hela, maana watu wananunua wanawapaka watoto kichwani kwa sababu wameona jina la bibi yangu wakaamini.

Bidhaa feki Bara ni kazi ya FCC, Tume ya Ushindani, wanafanya chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Ukienda na cheti cha alama na sampuli zote mbili wana pa kuanzia, ukienda na kilio peke yake mtu atakupa pole. Mzigo ulikamatwa kwenye stoo moja, katoni za kutosha, sitasema zaidi.

Lakini chupa nyingine za vile vile zilikuwa zinauzwa Unguja, pale Darajani, na hata Chake Chake. Nikafunga safari na cheti changu kwenye bahasha, nikaambiwa kwa heshima kabisa kwamba hiki ni cha Bara. Zanzibar ina ofisi yake, BPRA, na sheria yake ya 2008, usajili wa BRELA hauvuki maji. Jina la mwanamke wa Pemba nimelilinda Mbeya, nimelilinda Mwanza, nimelilinda Njombe, Pemba sijalilinda. Nilikaa bandarini nasubiri boti ya kurudi nikajisikia vibaya mno. Maombi yapo BPRA saivi, ndo hayo niliyosema hayajaisha. Na Kenya nina wateja Mombasa, kule ofisi ya kusajili alama ni KIPI, kwa hiyo safari bado ipo.

Kila Jumatatu kabla sijawasha jiko nalitafuta jina letu mtandaoni, nalitafuta na kwa makosa, bila herufi moja, na kistari, na nukta, na neno official mbele, na natumia simu ya mume wangu pia kwa sababu ya ule mchezo wa kublock. Majina yanayofanana sana nimeyafungulia akaunti mwenyewe zikae tupu. Imeili na akaunti zote zina uthibitisho wa hatua mbili. Na nimeweka posti juu kabisa ya peji inayosema tunapokea hela kwa lipa namba moja tu, na kabla hujaweka namba ya siri soma jina linalotokea, lisipokuwa jina letu ghairi hapo hapo utupigie.

Yule mama wa Tabora nilimtumia chupa zake tatu wiki ile ile, mume wangu alisema si wewe uliyemtapeli, ni kweli sio mimi, ila alilipa kwa kuamini picha ya bibi na mimi nisingeweza kulala. Mwezi uliopita ameagiza tena, kwa ajili ya mkwewe aliyejifungua. Alipofika kwenye malipo akasimama, mjukuu akapiga skrinshoti ya lile jina akanitumia, na meseji ya sauti ya mama mwenyewe ikafuata, ni hili mwanangu? Nikamjibu ndilo mama, lipa.